Wazee watatu, sufuria moja

BARAKA: Haya karibuni tena, mimi Baraka, niko na mwenzangu Zai ambaye leo kaja na plasta kidoleni na hataki kusema kimempata nini.

ZAI: Nasema, nani kakwambia sisemi. Nimeungua na mfuniko wa sufuria Jumamosi, na aliyekuwa anaita "Zai! Zai! Zai!" kama nyumba inaungua ni wewe.

BARAKA: Si gesi ilikuwa imeisha!

ZAI: Tutafika huko. Tuanze mwanzo bwana, watu hawajui hata tunaongelea nini. Iko hivi, wazazi wangu wamekuja kutoka Tanga, wako kwangu Tabata wiki ya pili hii, wamefuata kliniki. Baba ana presha na gauti, jongo ile. Mama ana sukari, anachoma sindano za insulini za kuishusha, na juu ya hapo ana meno ya bandia ambayo akiwa ameudhika anayavua anayaweka kwenye glasi, hapo ujue hali tena.

BARAKA: Na mimi naishi na bi mkubwa wangu toka alipoteremshwa kutoka Moshi. Yeye figo. Hajafika kwenye kusafishwa damu, ila daktari kasema figo zimechoka, tuangalie chumvi, tuangalie potasiamu, yale madini ya kwenye vyakula ambayo figo zikichoka haziyatoi, nyama isizidi. Tuangalie, tuangalie, mpaka macho yanauma aisee.

ZAI: Sasa Mama akasema huyo mama Baraka kila siku nasikia habari zake, kwa nini asije tukala nae usiku mmoja? Na mimi bila kufikiri nikasema aje Jumamosi. Midomo hii! Usiku ndo nikakaa na zile karatasi.

BARAKA: Waambie karatasi gani.

ZAI: Za kliniki. Kila mgonjwa anapewa yake, fotokopi ya fotokopi, maandishi yameshaanza kufa, na kila mstari unaanza na "usile". Nikakuomba unitumie picha ya ile ya mama yako, nikaziweka tatu zote mezani nikachukua kalamu nyekundu. Ya Baba inakata dagaa, maini, utumbo, nyama nyekundu. Ya Mama inakata sukari, soda, juisi, inasema wali kidogo na bora ale ugali wa dona. Sawa, nikasema basi dona na mboga za majani. Nikafika kwenye ya mama Baraka, imekata ndizi, viazi, parachichi, dafu, machungwa, nyanya nyingi, mchicha, halafu huko chini kabisa imekata dona!

BARAKA: Dona inabaki na pumba na kiini, na potasiamu na fosforasi ziko humo humo. Kwa mtu wa sukari hiyo pumba ni rafiki, kwa mtu wa figo zilizochoka ni mzigo. Sembe na wali mweupe ndo vyepesi kwake.

ZAI: Ambavyo kwa Mama vinapandisha sukari chap. Kwa hiyo nikabaki na nini? Maji na kitunguu.

BARAKA: Ndo ukanipigia saa tano usiku.

ZAI: Na we ukasema "pika sufuria tatu".

BARAKA: Nilikuwa nimelala Zai.

ZAI: Sufuria tatu nilishawahi, mbili lakini. Mwaka jana walipokuja nilikuwa nampikia Baba yake peke yake. Kisufuria chake kidogo, sahani yake ina mfuniko, hata watoto walikuwa wanaita "chakula cha mgonjwa cha babu". Anakula kimya anamaliza, anasema alhamdulillah, mi najiona mtoto mwema. Usiku moja nimeamka kunywa maji nakuta taa ya friji inawaka, mzee kasimama na msuli wake anakula pilau ya watoto kwa mkono, ya baridi, mafuta yameganda. Tukaangaliana. Yeye ndo aliona aibu, na mimi mpaka leo naona aibu kwamba mtu mzima aliyenisomesha kaona aibu mbele yangu kwa ajili ya pilau. Kwa hiyo hapana, sufuria tatu sipiki. Sahani ya peke yake ndo ilimpeleka kwenye friji.

BARAKA: Kwangu ilikuwa mtori, ile supu nzito ya ndizi. Mama yangu ni mtu wa Machame, we mwambie chochote lakini usimguse mtori. Sasa ndizi zina potasiamu ya kutosha. Nikaelekezwa kwamba unamenya, unakata vipande vidogo vidogo, unachemsha kwenye maji mengi, unamwaga yale maji, ndo unaanza kupika upya. Potasiamu inatoka na maji, si yote ila sehemu nzuri. Basi nikafanya hivyo mbele yake. Nilipomwaga ile sufuria kwenye sinki alishika kichwa, akasema, "Baraka, mtori wote umeumwaga, hapo umebakiza nini?"

ZAI: Jamani mama.

BARAKA: Alikula lakini. Kibakuli kidogo, mara moja moja, tena tunahesabu na kipimo cha damu kimesemaje mwezi huo. Kiburu ndo tuliachana nacho, kina ndizi, kina maharage, kina magadi.

ZAI: Ee, hapo kwenye magadi simama kwanza, maana hili watu wengi hawalijui. Unakuta mtu anakwambia mi nimeacha chumvi kabisa, mwaka wa tatu sasa, na presha haishuki. Unamuuliza maharage unachemshaje, na magadi. Mlenda? Na magadi. Kisamvu? Magadi. Magadi ni sodiamu ile ile iliyo kwenye chumvi bwana! Chumvi imetoka mlango wa mbele imeingia wa jikoni. Na vile vidonge vya mchuzi vya kwenye karatasi navyo, vina chumvi nyingi kweli kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai, tena imo ndani yake ya kwenye mkate wa asubuhi na kila kitu.

BARAKA: Ndo maana ukaenda kununua ile chumvi ya ajabu.

ZAI: Aibu hiyo. Nilikuta supamaketi kopo zuri limeandikwa la watu wa presha, sodiamu kidogo, nikaona nimeokoka. Nikakutumia picha.

BARAKA: Nikakwambia geuza kopo, soma nyuma. Kloridi ya potasiamu. Yaani wametoa sodiamu wakaweka potasiamu, ambayo mama yangu figo zake haziwezi kuitoa. Ikizidi kwenye damu moyo unagoma, hicho si kitu cha kujaribu jaribu. Na hata mzee wako, ziko dawa za presha zinazofanya potasiamu ibaki mwilini, kwa hiyo nae asipewe tu bila kumuuliza daktari wake.

ZAI: Nikairudisha. Nikasema mi mtoto wa Tanga, kwetu ladha hatuitafuti kwenye kopo. Mbirimbi, yale matunda machachu! Uani kwa jirani upo mti umejaa mpaka shinani, nikachuma bakuli zima, nikawa nimeshaanza kuzikata.

BARAKA: Na mbirimbi nazo nikazikataa.

ZAI: Nilitaka kukupiga.

BARAKA: Nilikuwa na sababu! Mtaalamu wa lishe aliniorodheshea vitu vichachu vya kuangalia, mbirimbi ina oksaleti nyingi mno, kitu kinachoganda kama vichanga kwenye figo, na kule Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu ambao figo zilikuwa nzima zikafeli baada ya kunywa juisi yake nzito. Kachumbari yenye mbirimbi moja kwa mtu mzima wa afya si kesi, lakini mwenye figo mbovu hapana. Na ukwaju una potasiamu.

ZAI: Kwa hiyo ndimu. Mwisho wa safari ndefu yote hiyo nikarudi kwenye ndimu. Haya, sasa nilichopika. Asubuhi nilimtuma kijana soko la samaki la Feri akaniletea nguru, si yule wa kwenye barafu ya juzi, nguru wa alfajiri ile ambaye jicho bado linakuangalia. Nguru kwa sababu miba yake mikubwa unaiona, Mama na meno yake hahangaiki, na nikakata vipande vya kiganja tu, maana Baba wa gauti na mama Baraka wote hawatakiwi kula mnofu wa kujaza sahani. Dagaa ndo ingekuwa rahisi na bei nafuu ila kwa Baba dagaa ni kidole gumba cha mguu kesho yake. Mwaka juzi kilivimba mpaka shuka ikikigusa analia, mtu mzima.

BARAKA: Na zipo dawa za presha za kukojoza ambazo nazo zinapandisha hiyo asidi ya gauti. Kwa hiyo presha inavuta huku gauti inavuta huku.

ZAI: Daktari alishambadilishia. Sasa, samaki wa kupaka. Najua watu wa Tanga mnanisikiliza mnasema tui je? Tui lipo. Nilikuna nazi moja tu kwa mbuzi, tui la kwanza lile zito nikaliweka kando, hilo lilienda kwenye uji wa watoto, nikatumia la pili jepesi. Ila tui jepesi halishiki kwenye samaki, linateleza. Dawa yake nikachoma vitunguu maji viwili na maganda yake kwenye moto mpaka vikawa laini, nikavisaga kwenye blenda na kitunguu saumu kizima, yaani kichwa kizima, tangawizi, pilipili moja ya kijani, binzari, ndo nikapika na lile tui mpaka likawa zito kwa sababu ya kitunguu, si kwa sababu ya mafuta. Samaki nikamkausha kwa kitambaa nikamchoma mkavu bila chumvi, nikawa nampaka nageuza, nampaka nageuza. Na chumvi, nusu kijiko cha chai kwa watu sita, sikuweka ndani ya mchuzi hata punje. Nilinyunyizia juu ya samaki dakika ya mwisho, tayari kwenye sinia. Ulimi unakutana nayo kwanza, unadhani chakula chote kina chumvi.

BARAKA: Hicho ndicho nilichokiiba. Sasa hivi hata mayai nafanya hivo.

ZAI: Wazee ulimi wenyewe umechoka pia jamani, mtu wa miaka 74 haonji kama wewe. Baba anaposema chakula hakina ladha si ukorofi wote. Kwa hiyo harufu ndo inafanya kazi, ule wali nilichemsha mweupe na iliki, mdalasini na majani ya mchaichai, bila chumvi kabisa, jirani akauliza kuna shughuli? Mboga ikawa kabichi na bilinganya, kabichi potasiamu yake ndogo, nimeichemsha nikamwaga maji...

BARAKA: Mama yangu akasikia maji yanamwagika jikoni akasema "na huyu nae!"

ZAI: Nikaikaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta na mbegu za haradali na karoti kidogo. Wali niliamua uwe mmoja kwa wote, ila wa Mama nikampimia ngumi yake, ngumi yake si yangu, kabichi nusu sahani, na nikamwambia aanze na kabichi na samaki, wali mwishoni. Wala hakuna aliyeona kwamba kapimiwa, kwa sababu na mimi nilijipakulia hivyo hivyo, na wewe.

BARAKA: Mi niliona! Nilikuwa na njaa.

ZAI: Ulirudia mara mbili, usinitafute. Haya sasa gesi, sema wewe maana uliona kuliko mimi.

BARAKA: Tulifika saa kumi na mbili na nusu, mi na bi mkubwa, shikamoo marahaba, kule sebuleni wazee wamependana ndani ya dakika tano, wanalinganisha vidonge kama watoto wanavyolinganisha gololi. Zai kapiga kelele toka jikoni, "chakula nusu saa!" Mama Zai kasikia nusu saa, na sindano yake ni ile ya mchanganyiko unayochoma nusu saa kabla ya kula, basi kanyanyuka kistaarabu kaingia chumbani kachoma karudi kakaa. Hakumwambia mtu. Dakika kumi baadae samaki yuko nusu, wali haujaiva, moto puu.

ZAI: Mtungi ukakata. Na wa akiba nilikuwa nimeuazimisha.

BARAKA: Tukapiga simu kwa wa gesi, akasema kijana wa boda yuko njiani, unajua "njiani" ya Dar. Tukaanza kuwasha jiko la mkaa, mkaa mbichi, moshi. Saa moja na nusu hiyo. Mi nimetoka kuchukua kiberiti namuona mama Zai anagombana na rimoti. Anaibonyeza kwa nguvu anasema "kitu gani hiki, nani kaweka hiki," na si mtu wa hasira kabisa. Nikaona jasho hapa juu ya mdomo. Ndo nikaita.

ZAI: Ndo nikashika mfuniko bila kitambaa. Nimefika nikamshika mkono, umelowa, unatetemeka. Mashine ya kupima sukari ikasoma 3.1, sindano imeshafanya kazi na chakula hakijaingia. Chini ya 4 tayari imeshuka hiyo. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, koroga, kunywa Mama. Na Mama anakataa! "Mi nina kisukari, unanipa sukari?" Miaka yote tumemfundisha sukari ni adui, sasa siku anayoihitaji anaikataa kwa utii.

BARAKA: Mzee ndo alisema "mama Zai, kunywa," kwa sauti moja tu.

ZAI: Akanywa. Tukasubiri dakika kumi na tano, hizo dakika kumi na tano sitaki kuziongelea. Tukapima tena, 4.9. Akaangalia mazingira akasema, "Kwani chakula bado?"

BARAKA: Hapo ndo tulicheka mpaka mama yangu akatoa machozi.

ZAI: Nikampa kipande cha mkate avute muda, jiko la mkaa likashika, tukala saa mbili na robo. Kosa ni langu na si la gesi. Nimepanga chumvi, nimepanga potasiamu, nimemwaga maji ya kabichi, na saa sikuipanga. Siku hizi kwangu sindano haichomwi mpaka chakula kiko karibu na meza, nakwenda chumbani nasema Mama, sasa. Na nimenunua mtungi wa pili ambao hauazimwi hata na nani.

BARAKA: Mimi niliyeuazima ule wa akiba nanyamaza.

ZAI: Nilikuwa sitaki kukutaja.

BARAKA: Ila mlo wenyewe ulikwenda. Mama yangu alivunja kipande cha nguru akanusa kwanza, huko kwetu samaki wa tui si jambo, akala akaniuliza kwa Kichaga kama kweli hakina chumvi. Na wote watatu wamechota sinia moja, hakuna sahani yenye mfuniko.

ZAI: Baba akasema kimepungua kitu. Nikamwambia chumvi Baba. Akasema, "Hapana, chumvi nilishaizoea, kimepungua pilipili." Jamani! Mwaka mzima namnyima pilipili nikidhani nayo ni mbaya kwa presha, kumbe haina shida, tumbo lake linaikubali. Nikamletea ya kukaanga pembeni.

BARAKA: Na begi je?

ZAI: Ah, begi. Jumapili nafua, nikafungua begi la Baba nitoe kanzu, nakuta kanzu imefungwa fungwa kama mtoto mchanga, nafungua ndani ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Vipande sita vya ng'onda kutoka Tanga, chumvi inang'aa kabisa, na harufu yake ndo nilikuwa nasema wiki nzima kuna panya kafia chumbani.

BARAKA: Ukamfanyaje mzee?

ZAI: Nimfanye nini, ni baba yangu. Sikumuuliza. Nilichukua kipande kimoja nikakiloweka usiku kucha, nimebadilisha maji mara tatu, asubuhi nikakichemsha nikamwaga tena, jioni nikachambua kidogo ndani ya bamia za wote, bila chumvi nyingine. Alipotia tonge la kwanza mdomoni alisimama kutafuna, akaniangalia. Na mimi nikaangalia sahani yangu.

BARAKA: Na vingine vitano?

ZAI: Nilivirudisha kwenye kanzu.